Leseni isajiliwe kwa jina la kampuni yako

Juzi niliitwa Kirumba, ofisini kwa mama mmoja anayenunua dagaa Mwaloni na kuwasafirisha mikoani. FortiGate yake, yaani faiawoli, kifaa cha kulinda mtandao wa ofisi, ilikuwa juu ya kabati la mafaili, taa za kijani zinawaka. "Mwanangu, si unaona inafanya kazi?" Nikaichomekea kompyuta. Intaneti inapita vizuri, lakini kwenye ukurasa wa leseni kila mstari umeandikwa umeisha muda.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Leseni za ulinzi za Fortinet, mtengenezaji wa FortiGate, zikiisha, faiawoli haizimiki. Inaendelea kupitisha mtandao na kufuata masharti uliyoiwekea, ila haipokei tena taarifa za virusi, mashambulizi na tovuti hatari zilizojitokeza karibuni. Ni mlinzi wa getini mwenye picha za wezi wa zamani tu.

Kulipia upya si kazi ngumu. Kilichoniumiza ni kwamba kifaa kilisajiliwa kwa baruapepe binafsi ya wakala aliyekiuza, naye alishafunga ofisi na simu yake haipatikani. Pesa alitoa mama, lakini kwenye kumbukumbu za mtengenezaji mwenye mali ni mtu mwingine. Tukatafuta ankara na risiti ya EFD, tukapiga picha kibandiko cha chini chenye namba ya kifaa, tukatuma maombi kihamishiwe akaunti ya kampuni.

Mimi pia ni wakala, na kazi hii naipenda. Radi ikiunguza swichi Igoma, anayefika siku hiyohiyo ni fundi wa hapa Mwanza, si mtengenezaji aliyeko ng'ambo. Lakini kusajili mali ya mteja kwa jina lako ni kumfunga kamba.

Ukinunua Microsoft 365, huduma ya baruapepe na programu za ofisi, kwa wakala, ni vilevile: msimamizi mkuu awe mtu wa kampuni yenu. Wakala huomba ruhusa ya kusimamia akaunti, na ruhusa hiyo mnaweza kuiona na kuiondoa wenyewe kwenye mipangilio. Jina la tovuti nalo mlikague limesajiliwa kwa jina la nani. Ruta za MikroTik zina nafuu, leseni yake haina mwisho na matoleo mapya ni bure, ila lazima mtu ayaweke.

Maombi ya mama bado yanashughulikiwa. Baruapepe ya kampuni tumeifungua, namba za uthibitisho zinaingia kwenye simu yake, na karatasi ya nywila ameifungia kwenye sefu pamoja na kadi ya Fuso lake.