Shirley Muldowney hakuwa bingwa "wa wanawake"

Juzi tena. Nimewaonyesha wanafunzi wangu wa uhariri wa filamu Heart Like a Wheel, filamu ya 1983 ya mwongozaji Jonathan Kaplan kuhusu dereva wa mbio za magari wa Marekani, Shirley Muldowney, na kwenye zoezi mmoja akaandika: "Inamhusu bingwa wa mbio za wanawake." Sentensi hii naipata karibu kila mwaka, na sasa imenichosha.

Kwenye dragi, mbio za magari mawili mawili za kasi ya moja kwa moja, ubingwa wa wanawake haupo. Magari mawili, barabara iliyonyooka (robo maili enzi hizo), taa zinawaka, anayetangulia kufika ndiye mshindi. Daraja la Top Fuel, lenye injini zinazokunywa mafuta makali ya nitromethani, ni moja tu kwa madereva wote. Mwaka 1977 Shirley Muldowney alitwaa ubingwa wa daraja hilo wa NHRA, chama cha dragi cha Marekani, akautwaa tena 1980, na 1982 kwa mara ya tatu. Kabla yake hakuna dereva yeyote, mke kwa mume, aliyewahi kuupata mara tatu. Ukimwita bingwa wa wanawake, umemnyang'anya wanaume wote aliowaacha nyuma.

Filamu yenyewe inalijua hilo. Tazama onyesho la leseni ya kushindana. Bonnie Bedelia, anayemwigiza Shirley, kuendesha anajua. Bado anatakiwa kuleta saini za madereva wenye leseni, na wote hao ni wanaume. Anawafuata na karatasi yake. Nawaambia wanafunzi waangalie macho yao kabla hawajashika kalamu, maana mhariri amewapa muda wa kusita, na ndani ya kusita kule kuna habari nyingi kuliko hotuba yoyote ya haki za wanawake.

Lakini kuna wanaoishia hapo: mhusika mkuu ni mwanamke, basi uwakilishi umetimia. Hapana jamani! Hebu tazama waliomzunguka: baba, mume, mwana, dereva Connie Kalitta (naye mwanamume), wapinzani. Kwa filamu hii ungedhani mwanamke mwingine hakuwahi kugusa usukani. Shirley Shahan alishinda mashindano ya kitaifa ya NHRA mwaka 1966. Paula Murphy naye alikuwa akishindana miaka hiyohiyo. Na mwaka 1982, Columbus, Ohio, fainali ya Top Fuel iliwakutanisha wanawake wawili, Muldowney na Lucille Lee, Muldowney akashinda. Filamu inafunga hadithi yake 1980, akipambana na Kalitta, aliyekuwa mpenzi wake na fundi wake. Kwa hiyo ubingwa unageuka hesabu ya mapenzi ya zamani, na barabara inabaki ya mwanamke mmoja katikati ya wanaume.

Rangi nayo ni vivyo hivyo. Wahusika wakuu wote ni weupe, ilhali dereva mweusi Malcolm Durham alikuwa na jina kubwa kwenye dragi tangu miaka ya 1960.

Hapa kuna jambo linalonisumbua, na vitabu vya uhariri huliruka. Upweke ule huenda ndio ukweli wa Shirley mwenyewe. Ukimletea rafiki wa kike kwenye gereji ili idadi ya wanawake ikae sawa, unaweza kuulainisha ugumu alioupitia, na mtazamaji akatoka akidhani mambo yalikuwa mepesi. Ningekuwa kwenye meza ya uhariri siku ile, sijui ningekata nini ili Shahan apate walau dakika moja. Labda ningepunguza ugomvi na Kalitta. Labda nao ndio unaoibeba nusu ya pili. Nimebadilisha msimamo wangu kuhusu hili zaidi ya mara moja.

Kuhusu neno "wanawake" msimamo wangu haujabadilika. Zoezi nimemrudishia mwenyewe: afute "mbio za wanawake", aandike "Top Fuel", kisha arudi kwenye onyesho la leseni aniambie karatasi ile ilipita mikononi mwa nani, na kila mmoja alisita kwa sekunde ngapi.