"Imetoka" si "nimetoa"

Juzi tena, kwenye semina kuhusu kutoa mimba, mheshimiwa mmoja kashika kipaza sauti: "Wanawake wetu wenyewe hawalitaki jambo hili. Waulizeni!" Jamani. Mimi ni mkunga, nimezeekea wodi ya wanawake hapa Tanzania, na nimeshawauliza. Jibu linategemea kitenzi.

Sema "kutoa mimba" mbele ya wanawake kumi na utasikia: dhambi, haramu, kuua. Wala hawakudanganyi, wanaamini hivyo. Sasa mgeukie mmojawao pembeni, umtajie binti wa darasa la sita aliyebakwa na mjomba, au jirani mwenye watoto watano na kitinda mimba bado ananyonya. Kimya kidogo, halafu: "Aa, huyo naye afanyeje?" Imani haijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba swali sasa lina mtu ndani yake.

Ukifika kitandani, neno "kutoa" halipo kabisa. Kuna "imetoka". Kuna "niliteleza nikiwa na ndoo". Kuna "siku zilichelewa, nikanywa dawa zikarudi". Kurudisha siku, kwa wengi, si kutoa mimba. "Ilikuwa bado damu tu". Unaweza kucheka, lakini huyo mama atakujazia dodoso lako lote kwa "sikubali" bila kusema uongo hata mara moja. Nimempokea binti saa nane usiku, kaletwa na mama yake aliyevaa sare ya kwaya. Mama alichoniomba ni kimoja: baba mtu asijue.

Sheria nitaipitia haraka. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 150: miaka 14 kwa anayemtoa mwenzie mimba. Cha 151: miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. Cha 152: miaka 3 kwa anayetoa dawa au vifaa akijua kazi yake. Cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Kubakwa hakutajwi, ingawa tuliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, na ibara yake ya 14 inataja kubakwa. Wakenya, Katiba yao ya 2010, ibara ya 26(4), inataja maisha na *afya* ya mama. Neno moja tu, na mabishano yake hayaishi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba watu wanadhani hata kutibiwa ni kosa. Si kosa! Kumsafisha mwanamke ambaye mimba imeharibika ni huduma ya kawaida. Homa, harufu mbaya, tumbo linauma ukiligusa: njoo leo, usingoje Jumatatu.

Sasa la kwangu. Kwenye rejista naandika "mimba kuharibika, haijakamilika". Basi. Aliyemeza miso (misoprostol, vidonge vya kutoa mimba) na ambaye imetoka yenyewe wanafika na sura moja: damu, maumivu, mlango wa kizazi umefunguka. Matibabu ni yaleyale, kwa hiyo mara nyingi siulizi. Hujiambia ni heshima. Siku nyingine nahisi ni woga wangu tu, na kwamba zile takwimu wanazogombania kwenye semina zimejaa ukimya wa watu kama mimi.

Nikiuliza, "Mwanangu, ulitumia kitu?" huwa hanitazami usoni. Anatazama kalamu. Siku hizi naiweka mfukoni kwanza.