Lesotho: mfalme asiyetawala na kura inayohesabiwa mara mbili

Kusini mwa Afrika kuna falme mbili ndogo, na sisi wa Afrika Mashariki huzichanganya kwa urahisi. Tunayoyasikia kuhusu mfalme wa Eswatini, mwenye mamlaka makubwa juu ya serikali, tunambandika Letsie III wa Lesotho.

Dhana potofu: mfalme ndiye mwamuzi wa mwisho.

Ukweli ni kwamba katiba ya 1993 humfanya mfalme kuwa mkuu wa nchi tu, huku utawala ukiwa mikononi mwa waziri mkuu na baraza lake. Kifungu cha 91 kinakwenda mbali zaidi: mfalme akikataa au akichelewa kutenda aliloshauriwa, waziri mkuu anaweza kumwarifu kwamba atalitenda mwenyewe, na muda alioutaja ukipita anaweza kulitenda, nalo huhesabiwa kuwa limetendwa na mfalme. Sijui kama kuna namna yenye adabu zaidi ya kumwambia mtu kuwa hana turufu. Letsie alijaribu kuonyesha kuwa anayo Agosti 1994, alipoiondoa serikali ya Waziri Mkuu Ntsu Mokhehle iliyochaguliwa na wananchi. Mwezi uliofuata, kwa shinikizo la Afrika Kusini, Botswana na Zimbabwe, serikali hiyo ilirudishwa.

Dhana potofu: Lesotho ni kama jimbo la Afrika Kusini.

Imezungukwa nayo pande zote, na loti yake ina thamani sawa na randi. Hata hivyo, Moshoeshoe I, mfalme mwanzilishi wa taifa hilo, alipata ulinzi wa Waingereza mwaka 1868, Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa 1910 nchi hiyo ilibaki nje, na ilipata uhuru wake tarehe 4 Oktoba 1966.

Dhana potofu: anayeshinda majimbo mengi huchukua bunge, kama kwetu.

Ndivyo ilivyokuwa zamani, na matokeo yake yalikuwa mabaya. Mwaka 1998 chama tawala cha LCD kilipata takriban asilimia 60 ya kura na viti 79 kati ya 80. Chama cha upinzani cha BNP, kilichopigiwa karibu robo ya kura zote, kiliambulia kiti kimoja. Ghasia zilizofuata ziliingiza majeshi ya Afrika Kusini na Botswana, na sehemu kubwa ya biashara katika mji mkuu, Maseru, ikateketea.

Tangu 2002, kwa hiyo, bunge lina viti 120: 80 vya majimbo na 40 vya kufidia vyama ambavyo viti vyao vya majimbo ni vichache kuliko kura zao zinavyostahili. Chama chenye asilimia 10 ya kura kinastahili takriban viti 12. Kikiwa kimeshinda majimbo matatu, huongezewa tisa kutoka kwenye orodha yake. Vyama vikubwa havikuchelewa kuuona mwanya: chama kilichojaa majimbo hakiongezewi kitu, lakini mshirika wake asiye na jimbo huongezewa. Mwaka 2007, mpiga kura alipokuwa na karatasi mbili, moja ya mgombea wa jimbo na nyingine ya chama, LCD kiliwaelekeza wafuasi wake watie alama ya pili kwa mshirika wake NIP, ambacho kilivuna viti 21 bila kushinda hata jimbo moja. Sheria ya 2011 ikaleta karatasi moja tu, inayohesabiwa mara mbili: kwanza kwa mgombea wa jimbo, kisha kwa chama chake nchi nzima. Ndiyo maana mwaka 2022 chama cha RFP cha Sam Matekane, kilichoundwa miezi michache tu kabla ya uchaguzi, kilizoa viti 56 kati ya 120 na bado kililazimika kuunda serikali ya mseto.

Dhana potofu: serikali ikianguka Maseru, jeshi limepindua.

Jeshi lilipindua kweli mwaka 1986. Siku hizi, hata hivyo, serikali za mseto huvunjikia zaidi bungeni. Waziri Mkuu Pakalitha Mosisili alipopoteza kura ya imani Machi 2017, alichagua uchaguzi mpya badala ya kujiuzulu. Marekebisho ya tisa ya katiba, ya 2020, yaliziba njia hiyo kwa kudai theluthi mbili ya wabunge wakubali kabla bunge halijavunjwa. Mei mwaka huo Waziri Mkuu Thomas Thabane aliondoka madarakani, Moeketsi Majoro akaapishwa mahali pake, na bunge lilelile likaendelea na kazi.