Kozi Mseto Si Kozi Iliyopunguziwa Vipindi

Juzi mhadhiri mwenzangu aliniona nikitoka ofisini mapema, akaniambia kwamba nina raha kwa kuwa nusu ya vipindi vyangu viko mtandaoni. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, hata nimeona afadhali niandike jibu mara moja, ili atakayeyarudia nimpe kiungo badala ya kumjibu kwa hasira.

Wanaodhani hivyo huichukulia kozi mseto, yaani inayofundishwa kwa sehemu ana kwa ana na kwa sehemu mtandaoni, kuwa mhadhara uleule uliokatwa vipande viwili: slaidi na rekodi zikishapakiwa kwenye Moodle, jukwaa la masomo la mtandaoni, kazi imekwisha. Kupakia faili si kufundisha. Rekodi ya saa nzima nayo haifai kitu, kwani uchunguzi wa video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba namba ya katikati ya muda wa kutazama haikuzidi dakika 6, hata video iwe ndefu namna gani. Hapo sina la kuongeza.

Kinachonikera hasa ni dakika kumi za mwanzo wa kipindi cha ana kwa ana, pale mhadhiri anaposema kwa upole: "Tukumbushane kidogo yale ya mtandaoni, kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi." Upole huo ndio unaoiua kozi. Mwanafunzi aliyejiandaa jana usiku anagundua kwamba amejisumbua bure, yule ambaye hakujiandaa anathibitishiwa kuwa alikuwa na akili, na kufikia wiki ya tatu hakuna anayefungua chochote. Kisha mhadhiri anasambaza malalamiko kwamba wanachuo wa siku hizi ni wavivu. Nasema haya bila kujitenga, kwa sababu mimi mwenyewe nilikumbushana nao muhula mzima.

Sasa nafanya hivi. Katika kozi yangu ya utangulizi wa takwimu, jaribio fupi la mtandaoni hufungwa usiku wa kuamkia kipindi, nami huyasoma majibu kabla ya kulala (hapo ndipo raha yangu ilipo, ewe mwenzangu). Wiki ya nne niliwapa mapato ya watu watano, 2, 3, 3, 4 na 38, nikauliza ni namba ipi inayomwakilisha vizuri zaidi mtu wa kawaida katika kundi hilo. Zaidi ya nusu walijibu 10, ambayo kweli ni wastani, ingawa hakuna hata mmoja kati ya wale watano anayekaribia kupata 10. Asubuhi sikueleza wastani ni nini. Niliandika ubaoni 10 na 3, ambayo ni namba ya katikati, nikawaketisha waliochagua 10 pamoja na waliochagua 3, nikawaacha wabishane, na ubishi ulipofika kwenye ile 38 nilijua kwamba kipindi kimeshajiendesha. Bila majibu ya usiku nisingejua nianzie wapi.

Kosa la pili ni kuiacha kozi ya zamani nzima kama ilivyokuwa na kuitwika kazi za mtandaoni juu yake, hadi mwanafunzi anabeba kozi moja na nusu. ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu krediti za masomo ya chuo, huhesabu saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi kwa kila krediti, na saa hizo haziongezeki eti kwa kuwa mhadhiri amegundua jukwaa la majadiliano.

Hata hivyo, sitajifanya mhubiri. Sisi tunaoipenda mbinu hii hupenda kuitaja ripoti ya Wizara ya Elimu ya Marekani ya mwaka 2009, iliyokusanya tafiti nyingi na kuona kwamba wanafunzi wa mseto walifanya vizuri kuliko wa darasani pekee. Tunachokipita harakaharaka ni tahadhari ya waandishi wenyewe, kwamba mara nyingi wanafunzi wa mseto walipata pia muda zaidi wa kujifunza na vifaa vya ziada. Huenda basi tunachokisifia ni muda tu.

Wapo pia wanaokuja bila kujiandaa hata baada ya haya yote. Kwa sasa nawaketisha nyuma wafanye jaribio lile huku wenzao wakiendelea, na kila nikiwatazama nakuwa na shaka kama nawafundisha uwajibikaji au nawanyima tu kipindi ambacho wao ndio waliokihitaji zaidi.