Namba ya Chini ya Chombo Si Cheti: Kuchagua Vyombo vya Kuhifadhia Chakula Vinavyodumu

Malalamiko kuhusu vyombo vya kuhifadhia chakula yanayofika kwetu wakaguzi hayatofautiani sana. Mfuniko umekatika sikio la kufungia, chombo kimepinda baada ya kutiwa chakula cha moto, au harufu ya plastiki imeingia kwenye unga. Na mlalamikaji mara nyingi humalizia kwa hoja ileile: "Lakini chini kimeandikwa namba 5." Nia tunaielewa. Ila namba hiyo haikuwekwa kwa ajili ya jikoni, na maadamu watu wameshaifanya cheti, tuanzie hapo.

Namba 1 hadi 7 ndani ya pembetatu zilibuniwa mwaka 1988 na chama cha sekta ya plastiki nchini Marekani, ili wanaochambua plastiki za kurejelezwa wajue ipi ni ipi. Mwaka 2013 kiwango kinachozisimamia kilibadilishwa; mishale inayozunguka ikaondolewa, ikawekwa pembetatu ya kawaida, kwa kuwa watu walidhani mishale ile ni ahadi kwamba chombo kitarejelezwa. Namba inataja aina ya plastiki, basi. Haisemi ni rangi gani iliyochanganywa humo, wala kama punje zilizoyeyushwa zilikuwa mpya au zilitoka kwenye plastiki iliyokwisha kubeba vitu vingine. Ndoo ya rangi ya ukuta nayo hukutwa na namba 2 au 5 chini yake.

Kitu cha kutafuta ni alama ya bilauri na uma, au maneno yanayosema wazi kuwa chombo ni cha chakula. Jina na anwani ya mtengenezaji au mwagizaji. Namba ya toleo, yaani ya kundi ambamo chombo kilitengenezwa. Na maelekezo ya matumizi, hasa joto la juu kinalostahimili. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 1935/2004 inadai mambo hayo, na nchi nyingine zina masharti yanayokaribiana nayo. Alama yenyewe si lazima kwa kitu ambacho umbo lake tu linaonyesha kuwa ni cha chakula, kama kijiko. Kwa hiyo kukosekana kwa alama peke yake si kosa. Jina la mtengenezaji, anwani na maelekezo vikikosekana vyote kwa pamoja, kiache.

Chombo kinapopimwa maabara, hakiulizwi kama ni salama kwa jumla. Kinaulizwa kama ni salama kwa chakula gani, kwa joto gani, kwa muda gani. Kwa plastiki, Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 10/2011 inatumia vimiminika vinavyosimama mahali pa chakula: asidi ya siki ya asilimia 3 kwa vyakula vichachu, mafuta ya mimea kwa vyakula vya mafuta, na kadhalika. Kwa uhifadhi wa muda mrefu, kipimo cha kawaida ni siku 10 kwenye nyuzijoto 40. Jumla ya vitu vinavyotoka kwenye plastiki isizidi miligramu 10 kwa kila desimita moja ya mraba ya eneo linalogusa chakula. Kipimo hicho kinahesabiwa pia kuwa kimefunika chakula kinachotiwa kikiwa moto, lakini kwa kiasi: saa 2 kwenye nyuzi 70, saa 1 kwenye nyuzi 80, nusu saa kwenye nyuzi 90, na robo saa tu kwenye nyuzi 100. Mchuzi uliotoka jikoni unachemka, ukafunikwa kwenye plastiki na kuachwa humo hadi usiku, umeshatoka nje ya mipaka hiyo.

Kuna jambo jingine kwenye utaratibu huo ambalo wengi hawalijui. Chombo cha kutumika tena na tena hupimwa mara tatu mfululizo, kila mara kwa kimiminika kipya, na kinachotoka hakiruhusiwi kuongezeka kutoka kipimo kimoja hadi kingine. Kopo la aiskrimu au la siagi limepimwa kama kifungashio cha matumizi ya mara moja. Si kwamba lina sumu. Ni kwamba hakuna aliyepima litakuwaje baada ya kuoshwa mara 50 kwa maji ya moto na kutiwa mafuta. Litumie kwa vitu vikavu na baridi, wala usilitie kwenye maikrowevu.

Sasa ununuzi wenyewe. Kwa plastiki ya kutumia kila siku, polipropilini (ndiyo namba 5) inafaa kwa sababu huyeyuka karibu na nyuzi 160, hivyo maji yanayochemka hayaipindishi kirahisi, na bawaba yake nyembamba hukunjwa mara nyingi kabla ya kukatika. Udhaifu wake uko kwenye baridi: karibu na nyuzi 0 huanza kuwa kavu na dhaifu, ndiyo maana mfuniko ukidondoka mara baada ya kutoka kwenye friza unapasuka. Poliethilini, namba 2 na 4, huvumilia baridi vizuri zaidi lakini hulegea kwenye moto. Polisitirini, namba 6, ile ngumu inayong'aa, hupata mipasuko midogo ikikaa na mafuta. Si ya kuhifadhia kwa muda. Maandishi "haina BPA" (BPA ni kemikali ya kutengenezea baadhi ya plastiki) kwenye chombo cha polipropilini yasikupandishie bei. Polipropilini haijawahi kutengenezwa kwa BPA. Inayohusika ni polikaboneti, plastiki nyingine ngumu na angavu, ambayo Umoja wa Ulaya uliikataza kwenye chupa za watoto mwaka 2011, na Kanuni Na. 2024/3190 iliyoanza kutumika Januari 2025 imepanua katazo la BPA hadi kwenye vitu vingi vinavyogusa chakula.

Kinachokufa kwanza si chombo, ni mfuniko. Kaa nao kidogo dukani. Fungua na ufunge kila sikio mara kadhaa huku ukitazama kwenye mkunjo: ukiona mstari mweupe umeshajitokeza, plastiki imechoka kabla hujailipia. Mkunjo mzuri ni mwembamba, laini, na una unene uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Chomoa mpira wa kuzibia. Mpira wa silikoni unaotoka na kurudi ni bora kuliko uliogandishwa, kwa sababu chini ya ule uliogandishwa maji ya chakula huingia na hayatoki, ukungu unaota humo, na ile harufu unayodhani ni ya plastiki kumbe inatoka hapo. Uliza kama mfuniko na mpira huuzwa peke yake. Seti ya vyombo 20 vya bei nafuu ambavyo mifuniko yake haipatikani tena ni ghali kuliko vyombo 6 ambavyo mifuniko yake inapatikana.

Ukifika nyumbani, jaza maji hadi theluthi moja, funga, pindua juu ya karatasi kavu na uache dakika 10. Karatasi ikilowa kwenye kona, rudisha chombo siku hiyohiyo ungali na risiti. Kona ndipo panapovuja, ndiyo maana vyombo vya mviringo huziba vizuri kuliko vya pembe nne, ingawa vinakula nafasi kwenye friji.

Kioo hakishiki harufu wala rangi ya nyanya, na kwa chakula kichachu au chenye mafuta mengi kinaizidi plastiki yoyote. Lakini kioo si kimoja. Kioo cha borosiliketi hutanuka takriban theluthi moja ya kioo cha kawaida kwa mabadiliko yaleyale ya joto, hivyo huvumilia zaidi kuhamishwa kutoka baridi kwenda moto. Kioo cha kawaida kilichokomazwa kwa joto kina nguvu dhidi ya kugongwa, lakini mkwaruzo wa ukingoni unaweza kukivunja vipande vidogo vidogo, pengine siku nyingi baadaye bila kuguswa. Pitisha kucha ukingoni, ikinasa, kiache. Vyote viwili visitoke kwenye friza na kuingia kwenye jiko la moto moja kwa moja. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, basi acha nafasi ya sentimita 2 au 3 juu, na usigandishe kwenye chupa yenye mabega, kwani hupasukia hapo.

Chuma cha pua kilichoandikwa 18/8 au 18/10 kina kromi asilimia 18 na nikeli 8 au 10. Watu hukipima kwa sumaku. Sumaku haithibitishi. Chuma kizuri cha aina hiyo, kinapokunjwa kiwandani, huweza kuvutwa kidogo kwenye kona, na kuna chuma duni kisichovutwa kabisa. Adui yake ni chumvi iliyokaa na dawa ya klorini: vyote hutoboa vishimo vidogo vya kutu. Alumini tupu usiiwekee vyakula vichachu au vya chumvi usiku kucha.

Vyombo vya "mianzi" ndivyo vinavyotuchosha. Kikombe au bakuli jepesi, laini, la rangi ya udongo, lililofinyangwa bila mshono, si mwanzi. Ni plastiki ya melamini iliyochanganywa na unga wa mwanzi, na Umoja wa Ulaya haujauidhinisha unga huo kama kiungo cha plastiki inayogusa chakula. Mwaka 2021 nchi wanachama ziliendesha operesheni ya pamoja ya kuviondoa sokoni. Melamini yenyewe si ya maikrowevu wala si ya chakula kinachozidi nyuzi 70.

Na madumu ya kemikali. Dumu lililobeba dawa ya wadudu, mafuta ya mashine au sabuni kali halioshwi likawa la chakula, hata ukitumia majivu, mchanga au maji ya moto mara kumi. Kemikali haikai juu ya plastiki, inaingia ndani yake, halafu inatoka polepole ikikutana na mafuta au siki. Hakuna njia ya nyumbani ya kuitoa. Tumelisema hili kwenye kila kampeni na bado tunaulizwa kama jua la wiki mbili linatosha. Halitoshi.

Chakula cha moto kipoeze kwanza kwenye chombo kipana, kina kisizidi sentimita 5, kisha ufunike na uweke kwenye friji ndani ya saa 2. Kukifunika kinapofuka mvuke kunakiweka kwenye uvuguvugu ambao bakteria wanaupenda, na mfuniko unavutwa ndani hadi unapinda. Chombo chenye mikwaruzo inayoshika kucha, kilichopauka na kuwa na vumbi la plastiki, au kinachonata hata baada ya kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni, muda wake umekwisha. Doa la nyanya peke yake si sababu ya kukitupa.

Muuzaji akikutwa na chombo kisichokidhi masharti, kwa kawaida hatua huanza kwa kuzuia bidhaa isiuzwe, kisha sampuli, kisha kuiondoa sokoni au kuiteketeza kwa gharama ya mwenye mali. Adhabu hutegemea sheria ya kila nchi, na kusema "niliuziwa hivyo" hakumwondolei mtu wajibu. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba asilimia 10 ya shehena za vyombo vya melamini na nailoni kutoka China na Hong Kong zipimwe maabara kabla ya kuingia.

Nguvu ya lalamiko iko kwenye kinachowasilishwa. Leta chombo pamoja na mfuniko wake, karatasi au boksi lenye namba ya toleo, risiti, na maelezo mafupi: kilitiwa nini, kikiwa moto kiasi gani, kwa muda gani. Kama una kingine cha seti hiyohiyo ambacho hakijatumika, hicho ndicho maabara wanakihitaji zaidi. Na kile chenye harufu, tafadhali, usikioshe.