Fidia au mauzo? Maneno ya kijiweni kuhusu ghorofa la Ujiji

Katikati ya nyumba za tofali za udongo na miembe mikongwe ya Ujiji, Kigoma, viwanja vitatu vimezungushiwa mabati ya bluu. Nondo zimeshachomoza juu. Kibao kinatangaza apatimenti za kisasa, jiko la ndani, maegesho ya magari. Kijiweni, kikombe cha pili cha kahawa hakijamiminwa, watu wameshatoa hukumu, na sehemu kubwa ya hukumu hiyo si kweli.

"Tajiri kapewa mtaa na serikali, sisi tutahamishwa tu." Hili ndilo linaloumiza wengi. Tajiri hana mamlaka ya kumhamisha mtu kwenye nyumba yake. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inampa Rais uwezo wa kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, na hapo ndipo panapokuja mthamini, fidia kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, ya makazi na ya usafiri. Mtu anayejenga apatimenti zake za kupangisha hapiti njia hiyo. Ananunua, nyumba kwa nyumba, kupitia dalali. Akitaja bei, unaweza kuikataa.

Mama yangu mdogo aliletewa karatasi baada ya magharibi, imeshachapwa, pengo limeachwa la saini tu. Juu kabisa iliandikwa FIDIA. "Mama, ukichelewa utakosa," dalali akasema. Mama mdogo akawa anatafuta miwani, kwa sababu neno lile lilimwambia kwamba jambo limeshaamuliwa kwingine. Nikamuuliza dalali fidia ya mradi gani wa serikali. Akacheka, akasema ni lugha tu. Basi tukaomba lugha ibadilike, iandikwe mauzo. Akaondoka na karatasi yake. Wiki iliyofuata alirudi na bei nyingine, ya juu zaidi, na safari hii alikaa akanywa chai.

Usiku ule wa kwanza dalali alikuwa na neno jingine pia: kwamba mzee, mume wa mama mdogo, aliyekuwa Kasulu, ameshakubali kwa simu na nyumba ni ya jina lake, kwa hiyo mke hana la kusema. Analo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja. Mnunuzi mwenye wakili wa maana analijua hilo, ndiyo maana karatasi nzuri huwa na saini mbili.

"Huna hati, huna kitu." Kuna ukweli kidogo hapa, maana hati hurahisisha mkopo na kupunguza ugomvi wa mipaka. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua pia umiliki wa kimila, na mijini kuna leseni ya makazi, yaani kibali cha kukaa kwenye kiwanja kisicho na hati. Na huyo mwenye hati naye asijivune sana: ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na hati inatolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Mgeni asiye raia ndiyo kabisa, hupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu.

"Apatimenti huwezi kuimiliki, utakuwa mpangaji maisha yako yote." Tangu 2008 ipo sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo. Unanunua ya ghorofa ya pili, unapata hati yako; ngazi, paa na uwanja mnamiliki kwa pamoja.

Upande wa ziwani utasikia kwamba kiwanja kinaishia majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni ziachwe. Waliokuwa Kibirizi, pale ufukweni Kigoma, maji ya Tanganyika yalipopanda miaka ile ya 2020 na 2021 hawahitaji kusomewa kifungu.

Lililobaki ni SGR, reli mpya ya kisasa. Kila dalali siku hizi anauza kiwanja "karibu na reli". Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, hilo ni kweli. Ila kwamba reli hupandisha bei kila mahali, hapana. Ya Mjerumani ilifika ziwani mwaka 1914, ikaishia Kigoma penye bandari. Ujiji, uliokuwa kituo kikubwa cha misafara tangu zamani, upo kilomita chache tu kutoka hapo, na biashara ndiyo ikauhama.

Mama mdogo bado hajasaini. Juzi dalali alimletea bei ya tatu, na mzee karudi kutoka Kasulu; wameomba wapewe karatasi wakaisome wenyewe, mchana.