Faili Unayopakua: Mtoa Huduma Anaona Nini Hasa?

Malalamiko kwamba "kampuni ya simu inaona kila ninachopakua" yamezidi, na mengi yanachanganya yaliyomo kwenye mawasiliano na taarifa za mawasiliano yenyewe. Ukipakua faili kwa kiungo kinachoanza na https, yaani mawasiliano yaliyosimbwa (yaliyofichwa kwa msimbo), mtoa huduma wako wa intaneti haoni jina la faili, ukurasa ulioifungua wala kilichomo. Anaona anwani ya IP (namba ya utambulisho mtandaoni) ya seva, yaani kompyuta inayotoa faili, saa, na kiasi cha data kilichopita; bila hivyo bando lisingehesabika. Mara nyingi anaona pia jina la tovuti.

Tunaomba hili lieleweke mara moja: hali fiche ya kivinjari haikufichi kwa mtoa huduma. Inazuia historia isihifadhiwe kwenye simu yako, basi.

Kagua kiungo cha faili, si cha ukurasa tu. Ukurasa unaweza kuwa wa https, lakini kitufe chake cha kupakua kikakupeleka kwenye http, isiyosimbwa, na hapo jina la faili na yaliyomo vinapita wazi. Kibonyeze kitufe bila kukiachia, nakili kiungo, kibandike kwenye ujumbe usioutuma, usome mwanzo wake. Kwenye Chrome, washa pia chaguo la kutumia miunganisho salama kila wakati.

Jina la tovuti huvuja kwanza kupitia DNS, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP. Simu huuliza anwani ya tovuti kwa seva ya mtoa huduma, na kwa kawaida swali hilo hupita bila kusimbwa kwenye mlango (namba ya njia ya mawasiliano) wa 53. Kwa Android 9 na matoleo ya baadaye, fungua mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya faragha, chagua kuandika jina la mtoa huduma wa DNS, kisha andika dns.quad9.net au dns.google. Usitangulize https:// wala usiandike namba za IP, simu itakataa. Ukiacha kwenye "otomatiki", simu hurudi kwenye DNS ya wazi pale seva ya mtandao isipokubali usimbaji. Sasa maswali kwa kawaida yanapita mlango wa 853, ambao baadhi ya Wi-Fi za hoteli na ofisi huufunga. Intaneti ikikatika huko, rudisha otomatiki kwa muda, na ukumbuke kuibadilisha ukiondoka.

Uvujaji wa pili uko kwenye salamu ya kwanza ya TLS, mfumo unaosimba https; salamu hiyo inataja jina la tovuti kabla ya usimbaji kuanza. Teknolojia ya ECH, inayosimba salamu hiyo, hulificha, ila kivinjari na tovuti lazima vyote viikubali. Kwa hiyo DNS ya faragha inapunguza uvujaji, haiuzibi.

Watumiaji wa torenti (kupakua faili vipande vipande kutoka kwa watumiaji wengine) wanaowasha usimbaji ndani ya programu yao hawapati wanachodhani. Kila anayeshiriki faili ileile bado anaiona anwani yako ya IP.

VPN, huduma inayopitisha data yako ikiwa imesimbwa hadi seva yake, humfanya mtoa huduma aone seva moja tu na kiasi cha data. Lakini aliyekuwa hakuoni sasa anakuona: mwenye VPN. VPN ya bure isiyoeleza inajiendesha kwa pesa gani, iacheni, tafadhali. Kwa Tanzania kuna la ziada. Oktoba 2023 TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka wanaohitaji VPN kwa shughuli zao kuwasilisha taarifa zake, pamoja na anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zinakataza teknolojia inayofikisha mtu kwenye maudhui yaliyozuiwa. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kupakua kwa https na kutumia DNS ya faragha si VPN.

Mtoa huduma naye amefungwa na sheria. Kifungu cha 98 cha Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 kinamtaka atunze siri za mteja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka faini ya hadi shilingi bilioni 5 kwa kampuni inayozitoa kinyume cha sheria. Ukishuku taarifa zako zimetolewa, lalamika kwanza kwa mtoa huduma na utunze namba ya lalamiko. Usiporidhika, peleka kwa TCRA, au kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikiwa suala ni taarifa zako. Taja namba ya simu, tarehe na saa, na taarifa gani imetoka kwa nani. Lalamiko linalosema tu "wananifuatilia" halichunguziki.